Mgombea Hafai: Tulisemeje Jambo Hilo?

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wahitimu wa kisomo, Mkuu, Rombo)



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo moja tu. Jambo lenyewe ni hili. Mtu amejitokeza kugombea uongozi. Wewe unaona hafai. Je, utasemaje ili usimwonee, na ili watu wakusikie?

Watu wengi hudhani mambo hayo mawili hayapatani. Hudhani kwamba ukitaka maneno yako yawe na nguvu, ni lazima umchafue mwenzako. Na ukitaka kuwa mtu wa haki, basi unyamaze. Mimi sikubali. Naona kwamba maneno ya haki ndiyo yanayomshinda mgombea asiyefaa. Maneno ya uonevu humsaidia. Nitajaribu kuwaonyesha kwa nini nasema hivyo.

Kila uchaguzi unapokaribia, ukipita kwenye kilabu cha mbege, ukipita sokoni, ukisimama nje ya kanisa baada ya ibada, utasikia neno moja: "Yule hafai." Uliza sababu. Mmoja atakwambia, "Hajasoma." Mwingine, "Wa ukoo gani yule?" Mwingine, "Mwanamke ataweza wapi?" Mwingine, "Hana hata kihamba cha maana." Sasa yatazameni maneno hayo vizuri. Je, kuna hata moja linalotuambia ni kazi gani ya kijiji itakayoharibika mtu huyo akichaguliwa? Hakuna.

Tuanze na hilo la "hajasoma," maana linatugusa sisi tuliomo humu ndani.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, ibara ya 67, inaeleza sifa za mtu anayetaka kuwa mbunge. Awe raia wa Tanzania. Awe ametimiza miaka 21. Awe anajua kusoma na kuandika katika Kiswahili au Kiingereza. Awe mwanachama wa chama cha siasa na chama hicho kiwe kimempendekeza. Yapo pia mambo yanayomwondolea mtu sifa, kwa mfano kutiwa hatiani na mahakama kwa kukwepa kodi ya Serikali katika miaka 5 kabla ya uchaguzi. Lakini cheti cha kidato cha nne hakikutajwa. Shahada haikutajwa.

Rudini pale penye kusoma na kuandika. Mama uliyehitimu kisomo mwaka jana, je, hujui kusoma na kuandika? Unajua! Gazeti hili unalisoma mwenyewe. Basi kwa upande wa elimu, wewe na profesa wa chuo kikuu mmelitimiza sharti lile lile.

Wakubwa wetu walikusudia hivyo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1971 zikachaguliwa wilaya 6 zilizotakiwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma kabla mwaka haujaisha, na Wilaya ya Kilimanjaro ilikuwa mojawapo. Watu wazima walitoka shambani na udongo miguuni wakaenda kushika kalamu. Kwa hiyo mtu anayesimama leo akasema, "Huyu ni msomi wa ngumbaru tu, hafai," huyo hajamkosoa mgombea. Amewatukana wazazi wa nusu ya watu waliokaa mbele yake. Halafu anashangaa kwa nini kura hazikuja!

Jirani zetu wamejaribu njia nyingine. Uganda, kwa Katiba yao ya mwaka 1995, mbunge anatakiwa awe na elimu ya kumaliza kidato cha sita au inayolingana nayo. Kenya walitunga sheria ya kudai shahada kwa wabunge. Sharti hilo likaahirishwa, likapingwa, na Mahakama Kuu ikaona halipatani na Katiba yao. Lakini kwa magavana, shahada inadaiwa. Mwaka 2022 kule Nairobi watu walibishana miezi mizima kama shahada ya mgombea ugavana, Johnson Sakaja, ni ya kweli au siyo. Wakaenda kwenye Tume ya Uchaguzi, wakaenda mahakamani. Yeye akabaki kwenye karatasi ya kura, akashinda. Sisemi kwamba suala la cheti cha uongo ni dogo. Mtu akidanganya juu ya cheti chake, huo ni uongo, na uongo ni jambo la kumkosoa mgombea. Lakini muda uliotumika kuuliza "amesoma wapi" ni muda ambao haukutumika kuuliza "taka za mji utaziondoaje."

Hata hapa kwetu Tanzania tumeona. Mwaka 2010, katika kura za maoni za CCM jimbo la Mtera, mkoani Dodoma, Livingstone Lusinde alimshinda John Malecela. Malecela alikuwa amewahi kuwa Waziri Mkuu. Lusinde mwenyewe husema wazi kwamba elimu yake ni ya darasa la saba. Wapiga kura walikuwa na hesabu zao. Huyu Lusinde nitamrudia baadaye kidogo.

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi kwamba kila anayejua kusoma anafaa. La! Sheria inampa mtu ruhusa ya kuingia uwanjani tu. Kufaa ni habari nyingine, na habari hiyo imeachiwa mimi na wewe tuipime.

Kuna watu hawataki sisi tupime. Wanataka mgombea aondolewe kwa karatasi kabla hatujamsikia. Mwaka 2019, katika uchaguzi wa serikali za mitaa uliofanyika tarehe 24 Novemba, wagombea wengi, hasa wa vyama vya upinzani, waliondolewa kwa kuambiwa wamekosea kujaza fomu. Baadhi ya vyama vikajitoa. Waziri aliyehusika akatangaza baadaye kwamba waliorudisha fomu waruhusiwe, lakini mambo yalikuwa yameshaharibika. Sehemu nyingi mgombea alipita bila kupingwa. Mimi ni mwalimu wa kusoma na kuandika, na jambo hili liliniuma. Kalamu tuliyowapa watu ili iwafungulie milango ilitumiwa kuwafungia. Na tena, mtu aliyeondolewa kwa sababu ya herufi moja kwenye fomu hakukosolewa. Kama alikuwa hafai, hatukujua. Kama alikuwa anafaa, tulimkosa.

Haya. Kama si shule, si ukoo, si kihamba, basi tumpime mtu kwa kitu gani?

Kwa kazi anayoiomba. Ukitaka fundi wa kuezeka, huulizi kama anajua kuimba. Unauliza kama anajua kuezeka, na ni nyumba gani amewahi kuezeka, na kama inavuja.

Tuchukue mwenyekiti wa kijiji, maana huyo ndiye aliye karibu nasi kuliko wote. Kazi yake ni nini? Anaongoza halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kuanzia 15 hadi 25. Anaongoza mkutano mkuu wa kijiji, ambao watu wazima wote wanaruhusiwa kuhudhuria, na kwa kawaida hufanyika kila baada ya miezi 3. Mapato na matumizi husomwa mbele ya mkutano huo. Na kuna ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Ninyi watu wa Rombo sihitaji kuwaeleza ardhi ni nini. Vihamba vimegawanywa, vikagawanywa tena, mpaka kijana anapewa mahali pa kusimamisha nyumba na migomba michache. Ukimpa kiti hicho mtu anayegeuza mpaka kwa zawadi ya debe la mahindi, mtalia miaka 5.

Kwa hiyo kukosoa kwenu kutoke kwenye kazi hiyo. Je, mtu huyu amewahi kushika fedha za wengine? Alizitolea hesabu? Amewahi kuongoza mkutano? Aliwaacha watu waseme, au alisema peke yake mpaka jua likazama? Palipotokea ugomvi wa mpaka, alisimama wapi?

Wazee waliopo hapa wanakumbuka jambo la Mangi Mkuu, au walisimuliwa na baba zao. Thomas Marealle alisimikwa kuwa Mangi Mkuu wa Wachagga mwaka 1952, baada ya watu kumchagua. Alikuwa msomi, alikuwa amesoma mpaka Uingereza. Lakini ilipofika mwaka 1960, kura zilipigwa tena, na wengi wakataka cheo hicho kibadilishwe, pawe na rais wa Wachagga anayechaguliwa kwa muda. Akachaguliwa Solomon Eliufoo. Nawaombeni muangalie swali lililopelekwa kwa wananchi lilikuwa lipi. Halikuwa swali la kama Marealle amesoma au hajasoma. Halikuwa swali la Marangu na Machame, ingawa najua maneno hayo yalikuwapo pembeni, sisi ni binadamu. Swali lilikuwa la cheo: je, kiongozi akae bila kikomo, au tumchague kwa muda ili tuweze kumwondoa? Hilo ni swali ambalo hata mtu anayempenda Marealle angeweza kulijibu bila kumchukia. Ukiweza kuuliza swali lako hivyo, hata rafiki wa mgombea atalifikiria.

Sasa twende upande wa pili wa mlima, tuvuke mpaka Meru. Mwezi Aprili mwaka 2012 ulifanyika uchaguzi mdogo Arumeru Mashariki, baada ya mbunge Jeremiah Sumari kufariki. CCM walimsimamisha mwanawe, Sioi Sumari. CHADEMA wakamsimamisha kijana, Joshua Nassari. Watu wa Arumeru walikuwa na kilio kikubwa cha ardhi, na kilio cha maji. Hayo ndiyo yaliyokuwa ya kuulizwa. Je, kijana huyu mchanga anaweza kazi? Je, huyu mwingine anasimama kwa uwezo wake au kwa jina la baba yake? Maswali yote mawili ni halali kabisa, na yote yanajibika.

Lakini nini kilitokea jukwaani? Siku nzima nzima za kampeni zikapotea katika kubishana kama mtu fulani ni wa ukoo wa Mwalimu Nyerere au siyo. Kisha yule Lusinde wa Mtera niliyewatajia akapanda jukwaani kuwasaidia wenzake, akawaporomoshea wapinzani matusi ya nguoni. Sitayarudia hapa mbele ya mama zetu. Maneno yale yalirekodiwa, yakasambaa nchi nzima kwa simu. Kura zilipohesabiwa, Nassari alipata 32,972 na Sumari 26,757. Sisemi matusi peke yake ndiyo yaliyoiangusha CCM pale. Ardhi ilikuwa na uzito wake. Nasema kwamba matusi hayakuleta hata kura moja, na yaliwapa wapinzani kitu cha kuonyesha. Na linanisikitisha zaidi kwa sababu Lusinde mwenyewe ni mtu aliyedharauliwa kwa ajili ya shule akashinda. Yeye angejua kuliko wote kwamba dharau haina kura.

Kwa nini matusi humsaidia anayetukanwa? Kwa sababu msikilizaji huacha kumpima mgombea, akaanza kukupima wewe. Anajisemea, "Huyu ana chuki gani na mwenzake?" Ukisema "ni mchawi, ni malaya, ni mjinga," unampa mgombea nafasi ya kusimama na kulia mbele ya watu. Naye akimaliza kulia, watu wamesahau kwamba hakutoa hesabu ya fedha.

Kwa wanawake jambo hili ni baya zaidi. Mwanaume akigombea huulizwa juu ya barabara. Mwanamke huulizwa juu ya mume. Kwa nini? Hapa hapa mkoani kwetu, jimbo la Same Mashariki mwaka 2015, Naghenjwa Kaboyoka alimshinda Anne Kilango Malecela. Mwanamke alimshinda mwanamke, kwa kura, na maisha yakaendelea. Mwanamke asiyefaa kwa kazi akosolewe kama mwanaume asiyefaa, kwa kazi ile ile, kwa maswali yale yale. Hakuna anayeomba ahurumiwe.

Ipo desturi moja ya zamani ambayo naipenda. Mwaka 1965 Tanzania Bara ilikuwa na chama kimoja, TANU. Katika majimbo mengi walisimama wagombea 2, wote wa TANU. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine alama ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma apige kura. Wagombea hao walizunguka pamoja na kuhutubia kwenye mkutano mmoja. Ilikuwa ni mwiko kuomba kura kwa kabila, kwa dini au kwa rangi ya ngozi. Mimi sitetei mfumo wa chama kimoja. Watu walinyimwa kuchagua chama, na hilo si dogo. Lakini fikirini faida ya jukwaa moja! Huwezi kumsema mwenzako mambo ya uongo wakati amekaa hatua tatu kutoka kwako na atasimama baada yako. Na wapiga kura walipima kweli. Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alishindwa. Amir Jamal, mwenye asili ya Kiasia, na Derek Bryceson, Mzungu, walishinda ingawa walishindana na Waafrika. Watu waliokuwa hawajui kusoma waliweza kutenga rangi ya mtu na kazi yake. Sisi tunaojua kusoma tutashindwa?

(Wapo pia waliohubiri alama. "Bila jembe mtakula nini?" "Bila nyumba mtalala wapi?" Mnacheka, lakini mwaka huu mtasikia mambo kama hayo hayo, ila sasa yana muziki na fulana.)

Sasa tuje kwenye ushahidi. Hapa ndipo penye kazi, naomba mnisikilize vizuri.

Tuseme kuna mgombea ambaye zamani alikuwa mweka hazina wa kamati ya maji. Kijijini wanasema, "Yule alikula hela za bomba." Nani alimwona akila? Hakuna. Ni maneno. Basi mtu mmoja kati yenu anasimama mkutanoni anasema, "Wewe mwizi, ulikula hela za bomba." Mgombea anajibu, "Nionyeshe." Huna cha kuonyesha. Umekwisha. Na tena amekushika. Anaweza kukushtaki kwa kumharibia jina.

Sasa sikilizeni namna nyingine. Mama mmoja anasimama na daftari lake. Anasema: "Mwaka juzi kaya 80 zilichanga shilingi 5,000 kila moja. Nimepiga hesabu, ni shilingi 400,000. Stakabadhi yangu hii hapa. Tuliambiwa bomba litafika mwezi wa sita. Halijafika. Katika mikutano mitatu niliyohudhuria, hesabu za fedha hizo hazikusomwa. Wewe ulikuwa mweka hazina. Naomba utueleze fedha zilikwenda wapi, na kama zipo, zipo wapi."

Mmeona tofauti? Mama huyu hakumwita mtu mwizi. Kila alichokisema ana hakika nacho: idadi, fedha, tarehe, mikutano. Mgombea hana neno la kushika. Akiwa na maelezo, labda fedha ziko benki zinangoja mabomba, atayatoa, na jina lake litasafika, na mama hatakuwa amemwonea mtu. Akiwa hana maelezo, watu wote watauona ukimya wake. Ukimya ule utasema zaidi ya neno "mwizi."

Kwa hiyo kabla ya kusema, tenga maneno yako. Haya nimeyaona kwa macho yangu. Haya nimeyasoma kwenye karatasi, nami najua karatasi iko wapi. Haya nimeyasikia tu. Hayo ya kusikia usiyapeleke mkutanoni kama ya kuona. Yapeleke kama swali, au yaache nyumbani. Najua mtaniambia, "Mwalimu, lisemwalo lipo, kama halipo laja." Methali hiyo wahenga waliitunga ili ututahadharishe. Hawakuitunga iwe hati ya mashtaka. Mangapi yamesemwa juu yako wewe, nayo hayapo mpaka leo?

Simu ndiyo hatari kubwa siku hizi. Mtu anapata ujumbe kwenye kundi la WhatsApp, "mgombea fulani ameuza shamba la shule," anautuma kwa watu 50 kabla hajamaliza kuusoma. Tangu mwaka 2015 tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao, na kusambaza habari za uongo kwa makusudi kunaweza kukufikisha mahakamani. Lakini hata bila sheria: shamba la shule liko palepale, unaweza kwenda kuliangalia kwa miguu. Nenda kaangalie kwanza.

Na mbege je? Mnatabasamu, mnajua ninakokwenda. Mgombea akimwaga mbege, wengi wenu mnanywa halafu mnasema, "Nitakunywa chake, kura nitampa mwingine." Mwaka 2000 sheria iliruhusu kitu kilichoitwa takrima, yaani kuwakirimu wapiga kura. Wanaharakati wakaenda Mahakama Kuu, na mwaka 2006 mahakama ikasema vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi, inayokataza kutoa vitu ili kuvuta kura. Basi ukiona ndoo za mbege zimepangwa nyumbani kwa mgombea wiki ya kampeni, hilo ni jambo la kumkosoa. Lakini utasemaje nawe umeshika kata mkononi? Nyani haoni kundule. Weka kata chini kwanza.

Kuna mzee mmoja, meku kama tunavyosema huku, aliniuliza swali gumu nilipozungumza mambo haya mahali pengine. Alisema, "Mwalimu, wewe utapanda pikipiki yako uondoke. Sisi tutabaki naye. Akishinda, je?" Ni swali la kweli. Mgombea asiyefaa akishinda, anaweza kulipiza. Barua yako ya utambulisho itachelewa. Jina lako litasahauliwa kwenye orodha ya mbolea ya ruzuku. Siwezi kuwaambia kwamba jambo hilo halitokei.

Nilimjibu hivi. Msiende mmoja mmoja. Kaeni watu 8 au 10, wanaume na wanawake, wa koo mbalimbali na wa vyama mbalimbali mkiweza. Andikeni maswali pamoja. Chagueni msemaji ambaye hadai kitu kwa mgombea, wala mgombea hamdai kitu. Maswali hayo hayo, neno kwa neno, muulizeni kila mgombea, hata yule mnayempenda. Hapo nani atasema mna chuki? Mkiwa 10 ni vigumu kulipiziwa wote. Na jambo la mwisho, siri ya kura ni yenu. Mnaweza kuuliza maswali mbele ya watu, na mkapiga kura bila mtu kujua.

Yule mzee hakuridhika sana, naona. Lakini alisema afadhali hivyo kuliko kunong'ona.

Mnajua desturi yetu ya isale. Mtu aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la isale, na aliyekosewa anaona uzito kukataa. Uchaguzi ukiisha, mgombea aliyeshindwa bado ni jirani yako. Watoto wenu watasoma darasa moja. Mtakutana kwenye msiba, mtachimba kaburi pamoja. Kama ulimuuliza juu ya shilingi 400,000, hakuna la kuomba radhi, mtasalimiana. Lakini kama ulisema uongo juu ya mke wake mbele ya watu 300, jani hilo utalipeleka kwa nani? Kwa wote 300?

Basi tusiendelee kusema tu. Tumezoea kwamba baada ya mazungumzo tunafanya zoezi. Chukueni madaftari. Nimeandika ubaoni sentensi moja ambayo nimeisikia sana wiki hizi: "Yule ni mlevi." Gawanyikeni makundi matatu, muibadilishe iwe ya haki. Jiulizeni alionekana amelewa wapi. Nyumbani kwake Jumapili jioni? Au saa 4 asubuhi, siku ya mkutano aliotakiwa kuuongoza? Ilikuwa tarehe ngapi? Nani walikuwapo? Mkutano ulifanyika au uliahirishwa, na shauri gani lilikwama siku hiyo? Andikeni kwa sentensi tatu, kisha kila kundi lichague msomaji. Mna dakika 10.